Kabla ya Kutuma Pesa ya Banda la Kuku, Omba Mchoro

Pesa ya banda la kuku niliituma mara moja. Shilingi 22,000, kutoka Nairobi hadi Garbatulla, nikiwa ndani ya matatu asubuhi ya Januari 2024. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia, nikampigia shangazi yangu: "Imefika?" Akasema imefika, fundi ameiona. Nikarudisha simu mfukoni nikijua kazi yangu imeisha.

Kumbuka mimi ni mtu ninayelipwa kukuelimisha wewe kuhusu kutumia pesa ya simu. Nimeandika makala za bajeti, makala za akiba, makala za kuepuka matapeli. Kwa hivyo soma hii kama kisa cha mwalimu aliyefeli mtihani wake mwenyewe, kisha uangalie kama nawe hujawahi kufanya vilevile. Nina hakika wengi wetu tulio mjini tumewahi kutuma pesa ya kujenga kitu nyumbani bila kujua kitu chenyewe kitakuwa na upana gani.

Mbuzi wanne

Nyumbani kwetu mtu akiulizwa ana mali gani, anataja ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Kuku hatajwi. Lakini ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulipitisha misimu mitano ya mvua bila mvua ya maana, na ulipoisha mwaka 2023 zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa nchini Kenya. Halafu Hagaya ya mwaka huo, yaani mvua za vuli, zikaja na El Niño na mafuriko. Shangazi alibaki na mbuzi wachache. Akauza wanne kununua mitetea 24 wa kienyeji, kwa hesabu ya kwamba mayai yatamsaidia karo ya binamu yangu aliye sekondari. Kuku hahitaji kuhamishwa kutafuta malisho, na yai linauzwa siku yoyote.

Mbuzi walikuwa wake. Banda lilikuwa jukumu langu.

Fundi alikuwa kijana mzuri, hodari wa kazi, na nataka niseme hili mapema: hakuniibia hata senti. Aliniuliza kwa simu, "Unataka banda la aina gani?" Nami nikajibu, "La kuku, kama ishirini hivi." Hiyo ndiyo ilikuwa ramani yote aliyopewa. Akanunua mabati tisa, akajenga haraka, akanitumia picha. Mabati juu, mabati pembeni, mlango umepakwa rangi ya buluu. Linang'aa. Nikaiweka hiyo picha kwenye stetasi.

Februari Garbatulla joto la mchana hupita nyuzi 30 bila shida, na chini ya bati ni zaidi. Kuku hatoi jasho. Akizidiwa na joto hupanua mabawa na kuhema mdomo wazi. Shangazi aliwaona wakihema hivyo siku tatu mfululizo, ya nne akakuta watatu wamekufa. Wiki chache baadaye, usiku, kukawa na kelele. Asubuhi palikuwa na shimo chini ya ukuta wa nyuma, mahali bati lilipogusa mchanga tu, na kuku 14 wamelala ndani. Majirani waliotazama nyayo walisema ni nyegere. Yule mnyama hali mmoja akaondoka. Anaua anachokifikia.

Walibaki saba. Wakawa wanalala juu ya mti, na huko angalau palikuwa na hewa.

Nilipopiga simu nikasema, "Shangazi, nitatuma nyingine leo jioni." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, usitume. Njoo uone kwanza."

Tulichora chini, kwa kijiti

Nilifika kwa ajili ya Idd, Aprili 2024, mvua ya Ganna ikiwa imeshika na barabara ya kutoka Isiolo ikituchelewesha. Baada ya chakula shangazi alichukua kijiti akachora mstatili kwenye udongo wenye unyevu, akasimama katikati yake. "Kuku ishirini watageuka hapa?" Hakuna aliyejua. Basi tukaanza kupima.

Hesabu ya nafasi si ngumu. Kwa kuku wakubwa wa kienyeji wanaolala bandani na kushinda nje, weka wanne au watano kwa kila mita moja ya mraba. Mahali pa joto kama kwetu bora wapungue, watatu au wanne. Kuku 20 kwa hesabu hiyo wanataka mita 6 za mraba: mita 3 urefu, mita 2 upana. Banda la kwanza lilikuwa mita 2 kwa 2, na kimo chake kilinifika kifuani. Kuku 24 ndani ya mita 4 za mraba, chini ya bati lisilo na pa kupumulia. Nilipoiandika hiyo hesabu kwenye daftari niliona aibu, kwa sababu ni hesabu ya dakika moja.

Vipimo vikishajulikana, vifaa vinajihesabu vyenyewe, na hapo ndipo faida ya mchoro kwa mtu anayetuma pesa kutoka mbali. Chukua paa. Bati la kawaida la mawimbi likishapandana na mwenzake hufunika kama sentimita 75. Banda la mita 3, ukiongeza sentimita 37 kila upande ili mvua isipige kuta, linataka mabati matano. Upana wa mita 2 ukiongeza karibu nusu mita mbele na nusu mita nyuma, unataka mabati ya urefu wa mita 3. Matano, ya mita tatu. Fundi akikwambia kumi, utamuuliza ya nini. Akikwambia matatu, pia utamuuliza.

Sisi tulikuwa na mabati tisa tayari. Matano yakaenda juu, yaliyobaki yakakatwa kuziba kuta kwa chini.

Joto kwanza, kisha adui wa usiku

Kama unajenga sehemu za kwetu, Kinna, Kulamawe, Modogashe hadi Garissa, anza na joto. Mabanda mengi yanayosifiwa kwenye video yamejengwa Kiambu au Nyeri, ambako tatizo ni baridi. Ukinakili ukuta uliozibwa mpaka juu ukauleta Garbatulla, umejenga oveni. Nilijenga moja, ninajua.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi. Jua la asubuhi na la jioni, ambalo huingia kwa ubavu, litapiga zile kuta fupi mbili, na hizo ndizo unaziziba. Kuta ndefu, ya kaskazini na ya kusini, unaziba sentimita 60 tu kutoka sakafuni ili upepo usiwapige kuku wakiwa chini, halafu juu yake wavu mtupu hadi kwenye paa. Hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiwa na turubai au gunia la kushusha upande wa upepo mkali siku za mvua, inatosha.

Paa liwe juu. Letu ni mita 1.8 mbele na mita 1.5 nyuma, kutoka sakafuni. Chini ya bati tulifunga mikeka mikuukuu, kwa sababu hewa iliyo kati ya mkeka na bati inazuia joto lisishuke moja kwa moja. Na tulilihamisha banda lote mita kumi kutoka lilipokuwa, likae kwenye kivuli cha mgunga mchana. Kivuli hakina bei. Sijui kwa nini mara ya kwanza hakuna aliyekifikiria. Najua, kwa kweli: mara ya kwanza nilimwambia fundi alijenge mahali litakapoonekana kutoka barabarani.

Maji nayo ni sehemu ya ujenzi. Kuku mmoja hunywa karibu robo lita kwa siku, na joto likipanda anahitaji zaidi. Kuku 20 ni lita 5 kwenda juu, kila siku, na kwa mtu anayebeba maji kwa madumu hiyo ni hesabu ya kuweka kwenye bajeti. Chombo cha maji kikae kivulini. Maji ya moto kuku hayataki.

Sasa nyegere. Watu wengi hununua wavu mwepesi wa kuku wakidhani ni ulinzi. Ule unamzuia kuku asitoke. Haumzuii mnyama mwenye meno na kucha asiingie. Chukua wavu mzito wenye matundu madogo, kama nusu inchi, ambao panya na nyoka wengi hawapiti, kwa mfano ule wa kuanikia kahawa. Upigiliwe kutoka nje, kisha juu ya ukingo wake upigiliwe ubao mwembamba, mnyama asipate pa kushika na kuvuta.

Kwa chini una njia mbili. Ya kwanza ni kujenga juu ya ardhi na kuchimbia wavu au mawe angalau sentimita 30 kuzunguka banda. Ya pili ni kuinua sakafu. Tuliinua, sentimita 75 juu ya nguzo, sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi ya sentimita 2 hivi. Kinyesi kinaanguka chini na kufagiliwa, hewa inapanda kutoka chini, na achimbe anavyotaka, atatokea hewani. Nguzo ni za mathenge, ule mti uliotuvamia kila mahali na ambao kwa mara moja nilifurahi kuuona, kwa sababu ni mgumu na haukosekani. Vipande vya bati vilivyobaki tulivizungusha kwenye nguzo ili mnyama asipande kwa urahisi.

Mlango uwe na komeo na kufuli. Komeo la kusukuma tu halitoshi kwa nyegere.

Ndani hakuna mengi. Fito za kulalia, za mviringo, unene wa sentimita 4 au 5, kila kuku apate sentimita 20: kwa kuku 20 ni jumla ya mita 4. Viota vinne, kila kimoja sentimita 30 kila upande, mahali penye giza kidogo, chini ya kimo cha fito. Vikiwa juu kuliko fito kuku watavilalia usiku na mayai yatachafuka.

Pesa ipite wapi

Mara ya pili sikutuma pesa "ya banda". Nilituma pesa ya vitu, kimoja kimoja, na kila kimoja kikaenda kwa mwenye nacho.

Fundi, yuleyule, alitoa orodha ya vifaa kutokana na mchoro. Aliandika kwenye karatasi, shangazi akaipiga picha. Nikaituma hiyo picha kwa maduka mawili ya vifaa vya ujenzi Isiolo mjini na kwa muuza mbao mmoja Maua, nikangoja bei. Tofauti ya bei ya wavu peke yake kati ya maduka hayo mawili ingelipa nauli yangu. Kisha nikasubiri mpaka binamu yangu amesimama pale dukani, amehesabu mali, ndipo nikalipa kwa nambari ya till. Jina la duka likatokea kwenye simu kabla sijaweka nambari ya siri, nikalisoma, nikamuuliza binamu kibao cha nje kimeandikwaje. Likalingana. Ujumbe ule wa malipo ndio risiti yako. Usiufute ati simu imejaa.

Kuna sababu ya kulipa duka moja kwa moja, na si kwamba fundi ni mwizi. Pesa ya vifaa ikipita mkononi mwa fundi inachanganyika na pesa yake ya chakula, ya watoto, ya deni la jana. Hata mtu mwaminifu atajikuta ananunua wavu mwepesi kwa sababu pesa imepungua. Ukimwondolea huo mzigo, mnabaki kuzungumza kuhusu kazi tu.

Kazi yenyewe tulikubaliana shilingi 7,500, kwa vipande vitatu vya 2,500. Cha kwanza nguzo na sakafu zikikamilika. Cha pili paa na wavu. Cha tatu baada ya kuku kulala humo usiku mmoja na shangazi kulimwagia paa ndoo za maji kuona kama linavuja. Kila kipande kilikuwa na picha, na katika kila picha tepu ya kupimia imetandazwa. Hilo nalipendekeza kwa nguvu. Picha ya banda bila tepu ni pambo. Picha yenye tepu inakuonyesha kama sakafu iko sentimita 75 au 40, na unamwambia fundi mapema, kabla ya paa.

Usafirishaji tulilipa lori lilipofika, si lilipoondoka.

Katikati ya haya yote nilipata ujumbe: "Ile pesa tuma kwa hii namba, ile nyingine iko na shida." Unaujua. Kila Mkenya anaujua. Lakini siku hiyo nilikuwa kweli nina pesa ya kumtumia fundi, na kidole kilikuwa tayari. Nilimpigia fundi kwenye namba yake ya siku zote, akacheka, hajatuma kitu. Hawa matapeli hawajui una mradi. Wanatupa wavu kwa watu elfu na kumpata yule mmoja ambaye siku hiyo anangoja ujumbe kama huo. Wakati wa ujenzi, huyo mmoja ni wewe. Namba ikibadilika, piga simu usikie sauti. Na ukikosea namba kwa bahati mbaya, omba kurudishiwa pesa mara moja kupitia huduma kwa wateja, kabla aliyeipokea hajaitoa.

Nikitaka kujua jumla, nilifungua taarifa ya miamala ya mwezi na kujumlisha: mbao 6,200, wavu 5,400, misumari na bawaba na komeo 1,350, nguzo 2,000, usafiri 2,500, fundi 7,500. Ni 24,950. Bei zako zitakuwa nyingine, kwa hivyo usizinakili. Ukiongeza ile 22,000 ya kwanza, banda limenigharimu 46,950, na hapo sijahesabu kuku 17, ambao hawakuwa wangu.

Je, nikope?

Swali hili tunaulizwa sana, na jibu langu kwa banda la kuku ni hapana, angalau si mkopo wa simu wa muda mfupi. Tazama tarehe tu. Mikopo mingi ya simu inadai ndani ya siku 14 au 30. Kifaranga wa kienyeji aliyeboreshwa huanza kutaga akiwa na miezi mitano au sita. Hakuna namna yai litafika kabla ya siku ya kulipa, hata Mungu akujalie kuku hodari. Utalipa mkopo kwa pesa nyingine, pengine kwa kuuza mbuzi wa tano.

Kilichonifaa ni akiba iliyofungwa. Kuanzia Idd nilikuwa naweka kila Ijumaa, nikaifunga isitoke hadi Juni, mvua zikiwa zimepita na barabara imekauka. Ilikuwa kidogo kidogo. Kufunga kulinisaidia kwa sababu mbili wiki za Mei ningeitoa, najijua.

Tenga pia pesa ya chanjo kabla ya kuingiza kuku wapya, maana kideri hakizuiwi na wavu. Chanjo yake ni tone la jicho, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na kichupa kimoja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja. Shangazi na majirani zake wanachanga kwa simu, mmoja anaagiza, wanachanja siku moja. Ulizia kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe ile chanjo inayovumilia joto, na hata hiyo ibebwe kwenye ubaridi.

Wale saba waliteremka mtini jioni ya tatu, baada ya shangazi kuwatega na mtama. Wawili wameatamia tangu hapo, na hatujanunua mtetea mwingine.

Sasa anataka stoo ndogo ya chakula cha kuku na majembe, pembeni ya banda, sakafu iliyoinuliwa ili mahindi yasivute unyevu na kuota ukungu. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa daftari la binamu: mstatili, mita 1.5 kwa 2, mlango upande wa kivuli, mabati mangapi, ya urefu gani. Bei ameshauliza mwenyewe maduka mawili. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu nisitume kitu mpaka Hagaya ipite.